Plagi ya Silinda ya Tatu

Gari lilikuwa linamisi, injini inakatakata, na fundi waliyembatiza Masikio alikuwa ameishiwa ujanja. Huyu bwana alijulikana kwa kusikia ugonjwa wa injini boneti ikiwa bado imefungwa, lakini gari kuukuu la dada yake lilikuwa linamtoa jasho siku ya tatu sasa. Wiki hiyo lilikuwa limezima barabarani mara mbili, mama yao yumo ndani, akipelekwa kusafishwa figo.

"Kaka, mama hawezi kukosa tena leo," dada alinong'ona. "Miguu imeshavimba."

"Najua. Niache nisikilize."

Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, wala haikujali. Silinda ya tatu ndiyo iliyolala, na plagi yake ilitoa cheche safi! Akabadilisha waya, akabadilisha koili, wapi. Halafu ikamjia harufu, si ya petroli, ya nywele zinazoungua.

"Hiyo plagi uliitoa wapi?" fundi mwenzake aliuliza taratibu.

"Kwenye mkweche wa kule nyuma."

"Ule ulioungua na mwenyewe? Ulibisha hodi?"

Pale gereji, gari ambalo mtu amefia ndani halitolewi kifaa mpaka ugonge mlango mara tatu, ubishe hodi, uombe. Masikio alikuwa na haraka siku ile, na mambo hayo aliyaita ya vibibi.

Mwenzake akaenda mbio dukani kununua plagi mpya. Masikio akaifungua ile ya zamani, ya baridi kabisa ilhali injini inachemka, akaipeleka nyuma, akairudisha kwenye tundu lake, akagonga mlango uliobabuka mara tatu, akabisha hodi kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, akaomba radhi, akangoja, akagonga tena, na kwa masikio yake yote yale hakusikia kitu, hata nzi, akajiambia basi, yameisha.

Plagi mpya ikaingia, injini ikawaka laini kama cherehani. Dada akacheka huku machozi yanamtoka, akashika usukani. Masikio akampandisha mama kiti cha nyuma, peke yake, akafunga mlango.

Gari lilipoanza kuondoka, mama akashusha kioo.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "mwambie huyu mwenzangu asogee kidogo. Ananibana."

Kumbe hodi haikuitikiwa kwa sababu mwenyewe hakuwepo. Masikio akakimbia huku akiita, lakini gari lilikuwa zima sasa, halimisi hata kidogo, likakata kona na kumwacha.