Masizi ya Amne

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba Sikudhani alipobisha hodi kwa shemeji yake, Abasi, karatasi iliyoviringishwa ameibana kwapani. Hawakuwa wakisemeshana tangu dada yake, Amne, mke wa Abasi, aungue ndani ya jiko la uani. Watu wa Moshi walisema ni kibatari. Sikudhani aliliona komeo: lilikuwa limefungwa kwa nje.

"Nimekuletea zawadi ya harusi, shemeji."

Abasi akaitundika ukutani, mkewe mpya, Sophia, akimshikia taa. Karatasi nyeupe, na katikati mpigo mmoja mweusi wa brashi, mnene chini, umechanikachanika juu. Uchoraji huo Sikudhani alifunzwa Mombasa, alipokuwa yaya kwa Mjapani muuza vitambaa. Mke wa Mjapani hakuchora mtu wala mti. Alisema wino ni masizi na gundi tu. Kinachochora ni pumzi.

"Mbona sioni kitu?" Abasi akacheka. "Picha ya nini hii?"

"Itazame tu. Utaona."

Masizi aliyakwangua mwenyewe kwenye kuta za lile jiko.

Abasi akaitazama. Chakula kikapoa. Sophia akamwita, hakugeuka...

Kisha ikaja harufu. Nywele zinazoungua.

"Mnasikia?" akanong'ona. "Anagonga."

"Nani, mume wangu?"

Kwaru... kwaru... Kama kucha kwenye mbao.

*Abasi... fungua.*

Sophia naye aliisikia. Sauti ilitoka kwenye karatasi.

Abasi akapiga magoti, akaupapasa ukuta kwa mikono miwili akitafuta komeo. Akakohoa. Kilichomtoka kinywani kilikuwa cheusi.

Sikudhani hakusogea. "Fungua, shemeji," alisema kwa upole. "Naye alikuomba hivyo hivyo."

Kabla ya adhana ya isha, Abasi alikuwa maiti. Daktari Mwingereza alikuta koo limejaa masizi, akatikisa kichwa. Karatasi ukutani ilikuwa nyeupe pe.

Eda ilipokwisha, Sophia alimfuata Sikudhani kwake, asubuhi kweupe.

"Dada, sikuja kugombana." Akafungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na masizi. "Kule Himo kuna mtu alimchomea mama yangu nyumba. Nichoree."

Sikudhani alitaka kukataa. Alitaka kusema hata yeye hajui alichokifanya. Ndipo akatazama nyuma ya Sophia.

Uani walikuwa wameketi wanawake wengine, kila mmoja amepakata kifurushi chake.