Kadi Iliyogoma Daraja Mbili

Swabaha aliingia dukani bila salamu, na kwa msichana wa Daraja Mbili hiyo ilikuwa dalili mbaya. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba. Baridi ya Arusha ilikuwa imewavalisha watu masweta hadi mchana, na mitaa ya karibu na Soko Kuu ilikuwa imefurika. Miaka ile milango ya biashara ilifunguliwa, basi aliyeuza vitenge jana leo aliuza kompyuta, na vipuri kutoka Dubai vilipangwa madirishani pamoja na masufuria. Swabaha alivaa baibui jeusi, sweta la kijivu na mtandio wa zambarau. Aliweka boksi dogo juu ya kaunta.

"Hii kadi yenu ya sauti ni mbovu. Nataka nyingine."

Aliyemuuzia hakuwepo. Alikuwepo Jamaldini, kijana mrefu wa Sombetini aliyependa mashati yaliyonyooshwa kwa pasi. Kwa muda alisahau kadi, akautazama mtandio.

"Shida yake nini, dada?"

"Nikiipachika, kompyuta inawaka, inaimba kidogo, halafu inaganda. Mara nyingine inajizima. Nikiichomoa, haina tatizo."

"Kompyuta ya ofisi gani?"

"Yangu. Nimeiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Unashangaa nini?"

"Sishangai. Nafurahi."

Jamaldini aliipachika kadi kwenye kompyuta ya dukani. Muziki ukatoka safi kabisa. Swabaha akakunja uso, maana hakuna kinachoudhi kama kifaa kinachokugomea nyumbani kisha kinajipendekeza kwa wengine. Alifundisha wasichana kaswida, na alitaka kuwarekodi mwenyewe chumbani kwake. Bila kadi ile hakuna kurekodi.

"Irudishe nyumbani," alisema Jamaldini. "Ikigoma, nipigie hapa dukani. Nitakuelekeza."

Ikagoma, naye akapiga.

"Ihamishe, ichomeke ile nafasi ya chini kabisa," Jamaldini alielekeza.

"Nimehamisha. Imeganda."

"Futa programu yake, uiweke upya."

"Nimeweka. Sasa hata kuwaka inawaka kwa shida. Wewe ni fundi au mchawi?"

"Toa modemu, ile kadi ya simu, labda zinagombana."

"Nimetoa. Imeganda vilevile. Umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza, mchawi wangu."

Hapo ndipo mazungumzo yalipobadili njia. Kila siku kadi ilitajwa kidogo, mwanzoni, kwa ajili ya heshima, kisha yakafuata mengine: nani kamuudhi nani, nani anacheka vibaya, nani angependa kupanda Mlima Meru na nani angebaki chini kulinda viatu. Siku moja Jamaldini aliteleza akasema, "Haya, mpenzi, lala salama." Swabaha hakumsahihisha. Walipendana, hilo lilikuwa wazi hata kwa mama yake Swabaha aliyekuwa akipepeta mchele karibu na simu. Tatizo ni kwamba hakuna kati yao aliyekuwa amelisema.

"Nije niione mwenyewe hiyo kompyuta," Jamaldini alisema mwishowe.

"Njoo, lakini usije peke yako. Baba hapendi vijana wanaojiingilia tu nyumbani kwake."

Jamaldini alikuwa mtu wa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Alimchukua Abdulhalim, baba yake mdogo. Walitoka msikitini Ijumaa wakaenda moja kwa moja, wote wawili na kanzu nyeupe na kofia, na njiani Abdulhalim, asiyependa kuingia kwa watu mikono mitupu, akanunua sukari na majani ya chai. Kijana ana kanzu, ana mzee wake, ana sukari, na ni Ijumaa. Daraja Mbili nzima ilijua ujio wa namna hiyo una maana gani. Mama yake Swabaha aliwaona wakiwa bado mlangoni, akarudi jikoni kuongeza mchele.

Swabaha naye aliwachungulia dirishani. Alidhani Jamaldini ameamua kumshtukiza, na furaha ikamjaa mpaka akashindwa kufunga vifungo vya gauni lake jipya.

Pilau ililiwa. Mzee Najim, baba yake Swabaha, alinawa mikono, akakohoa kidogo.

"Vijana wa siku hizi hawana subira, lakini ninyi mmekuja kwa heshima. Haya, ombi lenu tunalisikiliza."

Abdulhalim, ambaye hakuwa na ombi lolote zaidi ya kuongezewa kachumbari, alimgeukia Jamaldini. Jamaldini alitokwa jasho ndani ya kanzu.

"Samahani sana, mzee. Sikuja kwa jambo hilo. Nimekuja kwa ajili ya kadi ya sauti."

Nyuma ya pazia Swabaha alisikia kila neno. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliumia. Akatokeza.

"Kompyuta yangu haihitaji fundi. Asanteni kwa kuja."

Wageni wakaaga bila kuifungua kompyuta. Kuanzia siku ile, simu ikilia, mama alijibu kwa upole, "Hayupo, baba," huku Swabaha amekaa palepale akitazama ukuta.

Alilia, akachoka kulia, akachukua bisibisi. Aliligeuza kasha la kompyuta ili aichomoe kadi na kuitupa. Hapo akaona nyuma yake, kwenye bati ambalo hakuwahi kulitoboa, alama za matundu matatu madogo. Yalifanana na matundu ya kadi. Alilivunja bati kwa ncha ya bisibisi, akachomeka spika. Ikasikika sauti, hafifu na yenye mikwaruzo. Kumbe ubao mkuu wa ndani ulitoka kiwandani na sauti yake, na siku zote sauti mbili zilikuwa zikigombea nafasi moja. Akaiwasha upya kompyuta, akaingia kwenye mipangilio yake ya mwanzo, akaizima sauti ile ya kiwandani. Akarudisha spika kwenye kadi, nayo ikaimba mpaka adhana ya alasiri, bila kuganda.

Alivaa mtandio akaenda dukani. Jamaldini alikuwa akimfungia printa mteja mmoja wa Njiro, na shati lake siku hiyo halikupigwa pasi.

"Imepona," Swabaha alisema, akamweleza.

"Nami nikakutolesha modemu bure." Jamaldini aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo huna sababu ya kunipigia tena."

"Sina. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ulimwambia baba hukuja kwa jambo lile. Ulisema kweli?"

"Kweli tupu. Ningemwombaje yeye wakati wewe sijakuuliza? Ungeposwa kwa bahati mbaya, Swabaha, na kila tukigombana ungesema nilikuoa kwa kuionea haya pilau ya mama yako."

Swabaha alitamani kucheka, akajizuia.

"Basi niulize."

"Sasa hivi?"

"Mimi sina haraka, kijana," alisema mteja wa Njiro, akaegemea kaunta.

Jamaldini aliweka printa chini.

"Nakupenda. Nimekukosa mpaka kazi imenishinda. Utakubali nikuoe?"

Swabaha aliogopa asije akalia mbele ya mgeni, kwa hiyo alijibu kwa kifupi.

"Nimekubali. Mhudumie mteja, halafu ukamtafute baba yako mdogo."