Mtufaha Uliokausha Mdomo

Mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa alikuwa ameacha lori ili akae na mkewe na watoto. Sasa yeye na mkewe walitengeneza mvinyo wa matufaha. Jikoni kwao palinukia matufaha kuanzia sakafuni mpaka darini. Mke aliosha, mume alikamua, na utani haukuisha.

Lakini mvinyo wao ulikuwa mwepesi. Watu walionja, wakasema ahsante, hawakurudi. Dereva akaanza kuzungumzia lori tena. Mkewe hakupenda kusikia hivyo. Watoto ndiyo kwanza walikuwa wamemzoea baba yao.

"Tatizo ni utamu hautoshi," alisema Dereva asubuhi moja. "Tukate ule mtufaha mchungu, tupande mwingine mtamu."

Akachukua shoka, akaenda uani. Mkewe akamfuata.

Jirani yao, Mama Miche, alikuwa kwenye kitalu chake akimwagilia miche ya matunda. Akamwona Dereva na shoka lake.

"Shemeji, huo mti umekukosea nini?"

"Matunda yake yanakausha mdomo. Hata ndege wameyasusia."

"Hebu weka shoka chini kwanza. Matufaha yenu mengine ni ya kula. Ni matamu, sawa. Lakini yakichacha, sukari inageuka kileo. Mdomoni kinabaki nini?"

"Maji," alijibu mke.

"Umeona? Mvinyo unataka utamu ili uchache. Unataka uchachu ili uburudishe na usiharibike upesi. Na unataka huo ukakasi unaokausha mdomo. Ndio unaoufanya uwe mzito, wenye ladha."

Dereva akakuna kichwa. "Kumbe nilitaka kumfukuza mpishi, nibaki na sufuria."

Wote watatu wakacheka.

"Kwangu kuna matufaha machachu, njooni mchukue," alisema Mama Miche. "Baadaye nitakata vijiti vya mti huu, nivibebeshe, yaani niviunge, kwenye miti yenu mitamu. Vikishika, matawi hayo yatazaa matunda ya ukakasi. Na mkipanda miche mipya, changanyeni aina zinazotoa maua wakati mmoja. Nyuki wakipita, miti itazaa vizuri."

Msimu ule walichanganya. Matamu yalikuwa mengi, machachu kiasi, machungu kidogo. Wakasubiri mpaka povu lilipotulia na mvinyo ukaiva. Dereva akaonja, akaonja tena.

"Mbona husemi?" aliuliza mkewe.

"Nasikilizia."

Safari hii walioonja walirudi, tena na jamaa zao. Siku tajiri wa lori alipopiga simu kumwita kazini, Dereva alimtazama mkewe.

"Siji tena, bosi," alisema. "Nina kazi nyumbani."

Mke alichagua chupa moja, akaifuta vizuri, akaenda nayo kwa jirani.

"Dada, umenibakishia mume wangu. Ahsante sana."

Mama Miche alitaka kutania, lakini machozi yalimlengalenga. Akaipokea kwa mikono miwili.