Ram ya Duara la Mayala

Siku ile ilianza kama Jumanne nyingine yoyote. Justa alifungua steshenari yake, akafagia mlangoni, akawasha kompyuta na kuiacha ijikongoje. Wateja wa njia ya Bulyanhulu hawana subira. Mtu akitaka kuchapiwa barua, anaitaka sasa hivi. Na kompyuta ya Justa ilikuwa ikifungua ukurasa mmoja wakati mteja anamaliza soda nzima.

Saa nne akaja Enock fundi, bisibisi mfukoni mwa shati, na mkononi kitu chembamba kilichofungwa kwenye karatasi ya pakiti ya sigara.

"Shikamoo, Mama Noela. Leo mashine yako itakimbia."

"Marahaba. Hata ikitembea tu nitashukuru."

Enock aliilaza CPU ubavu, akafungua kifuniko, akapuliza vumbi jekundu. Kisha akafungua ile karatasi, akatoa ram, kijiti cha kumbukumbu ya kompyuta, akasugua meno ya kijiti hicho kwa kifutio cha wanafunzi mpaka yakang'aa. "Hata huku kuna dhahabu," alisema, "ila huipati kwa sururu." Akaisimamisha kwenye nafasi iliyokuwa wazi, kando ya ile ya zamani, akaikandamiza kwa vidole gumba mpaka vibanio vikajifunga. Justa alicheka. Hakuwa amecheka na mtu tangu Ijumaa, binti yake Noela aliporudi shule ya bweni Shinyanga, na nyumbani hapakuwa na wa kuongea naye.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye kompyuta ya ofisi ya duara la Mayala. Wameuza vitu vyote." Akauona uso wake, akashusha sauti. "Nisamehe, mama. Lakini ram haitunzi kitu. Ukizima umeme, imesahau yote."

Duara la Mayala, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lilikuwa limetitia masika ya mwaka jana. Karani aliandika watu tisa wa kushuka asubuhi ile, na hakupanda hata mmoja. Wa tisa alikuwa Felician, mume wa Justa. Miili haikupatikana. Wachimbaji wa pale wana desturi yao: asiyezikwa huitwa. Ndugu husimama mdomoni mwa duara, humwita kwa jina lake mara tatu, huokota jiwe na kwenda kulizika nyumbani. Asipoitwa, hubaki kule chini anangoja. Na mtu aliye hai haitwi hivyo kamwe, maana akiitika, duara humchukua.

Wanane waliitwa. Justa alikataa. Muuza dagaa mmoja alikuwa ameapa kwamba alimwona Felician stendi jioni ya siku ile ile, begi begani, anapanda basi la kwenda Chunya. Mawifi walimsema Justa mpaka wakachoka. Naye alishikilia hapo hapo. Kukimbiwa na mume kunauma, lakini aliyekimbia anaweza kurudi.

Saa saba mchana jua lilikuwa kali na barabara tupu. Justa alifungua ukurasa mpya ili achape barua ya mteja. Mashine ilifungua upesi, kama Enock alivyoahidi. Ila ukurasa haukuwa mtupu.

Majina tisa. Mbele ya kila jina: ameshuka. Mbele ya manane: ameitwa. Jina la tisa lilikuwa Felician Magesa. Ameshuka, saa 1:40. Baada ya hapo hapakuandikwa kitu.

Alizima. Akachomoa waya ukutani. Akahesabu mpaka mia. Akawasha tena.

Majina yalikuwepo.

Enock aliitwa akarudi. Aliichomoa ram, akawasha; ukurasa ukawa mweupe. Akairudisha, majina yakarudi. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Kamwite, Mama Noela," alinong'ona.

"Nikimwita, atakuwa amekufa."

Enock alikusanya vifaa vyake, akaisahau bisibisi moja mezani, na hakurudi kuichukua.

Justa akabaki peke yake. Hapo ndipo herufi zilipoanza kutokea chini ya lile jina. Moja. Zikasimama. Nyingine. Polepole, kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

Nyanzala. Huku ni baridi.

Nyanzala ni jina alilopewa na bibi yake, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa. Pale senta hakuna aliyelijua. Felician tu ndiye aliyemwita hivyo, wakiwa wawili chumbani.

Ubishi wa mwaka mzima ukamwishia. Alifunga duka, akapanda bodaboda. Dereva alimshusha mbali na akakataa kusogea zaidi. Duara lilikuwa limezungushiwa miiba, na jua bado lilikuwa juu. Justa aliitazama simu ili asije akaisahau saa ya kumuaga mumewe. Kumi na dakika ishirini.

"Felician."

Kimya.

"Felician."

Upepo ulikatika.

"Felician."

Kitu kilipumua kule chini. Pumzi moja tu, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo.

Aliokota jiwe, akalifunga kwenye kanga, akaondoka bila kugeuka. Dukani aliwasha kompyuta. Jina la tisa: ameitwa. Akaketi akamlilia mumewe, kilio alichokuwa amekizuia siku zote hizo, na hakuwepo hata jirani wa kumshika bega.

Simu ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye Mama Noela?" Sauti ya mwanamume, ya chini. "Naitwa Raphael. Niko Chunya. Nimekaa na mumeo huku mwaka mzima. Namba yako nimeikuta kwenye simu yake."

Justa aliikandamiza simu sikioni.

"Siku ile alitoroka kwenye foleni, ameshaandikwa. Alikuwa anaona aibu, mama. Kila Jumapili anasema Jumapili ijayo atakupigia. Leo tumekaa tunakunywa chai, mara akaitika, 'Naam.' Nikamuuliza nani kakuita. Akasema, mke wangu. Akaitika tena. Ya tatu akasimama, kama mtu anayetaka kwenda. Akaanguka."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika ishirini. Tumemfunika shuka tu, tunangoja ndugu."

Kesho yake Enock alijipa moyo, akaja kuitoa ile ram. Alimkuta Justa amekaa sakafuni. Alifungua kifuniko. Vibanio vilikuwa vimejifunga vizuri, na katikati yake ram haikuwepo. Nafasi yake ilikuwa imejaa udongo mweusi wa chini kabisa ya duara, umeshindiliwa mpaka juu, na maji yalikuwa bado yanautoka.