Ndoto za Shukri na Mwalimu wa Ghorofa ya Juu

Mtaa wetu wote hapa Karmuz, hakuna anayenishinda kufasiri ndoto. Nikikwambia utapata safari, funga mizigo. Kweli, jirani yangu mmoja alifunga, akaiweka mlangoni mpaka nondo wakala shali yake. Labda safari bado iko njiani.

Mwanangu Shukri ni mpiga pasi. Duka lake liko chini ya nyumba yetu. Hujaza maji mdomoni, huyapuliza juu ya shati, kisha hupitisha pasi. Mvuke hupanda taratibu mpaka kwenye roshani yangu. Mchana akishakula maharage yake, hulala juu ya meza, katikati ya mashuka ya watu yenye joto. Hapo ndipo huota.

Mwanzoni mwa baridi, Shukri alianza kununua hisa kwa simu. Hisa ni kipande kidogo cha kampuni. Kampuni ikinenepa, nawe unanenepa. Ikikonda, unakonda nayo. Watu wengine husoma kabla ya kununua. Shukri alilala.

"Mama, nimeota nyumba nyeupe," aliniambia siku moja. "Inaelea juu ya bahari, polepole, kama wingu."

"Hiyo saruji, mwanangu."

Akanunua hisa za saruji. Bei ikashuka wiki ile ile.

"Mama, saruji gani inaelea?" mkewe Ibtisam aliniuliza.

"Wewe menya vitunguu," nilimjibu.

Shukri aliizima simu, akarudi kwenye pasi yake. Kisha akasema, "Hata pasi nilifundishwa na baba. Kwa nini hisa nifundishwe na usingizi? Natafuta mwalimu."

Wazo lilikuwa zuri. Mwalimu mwenyewe alimpata kwenye simu. Alijiita Kapteni. Alivaa miwani myeusi na kuegemea gari ambalo huenda lilikuwa la mtu mwingine. Katika kundi lake kila mtu alipata faida kila siku. Hakuna aliyepata hata mafua.

Kapteni akamwandikia: "Nitumie pesa nikufanyie biashara mimi. Mwezi mmoja tu zitakuwa mara mbili. Wewe lala." Na kulala ndiyo kazi ambayo Shukri haichoki.

Pesa alizokuwa nazo zilikuwa za friji na jiko la binti yake Nihal. Harusi ilikuwa baada ya Idi. Kwetu, bibi harusi akienda bila friji, wakwe hawasemi neno. Wanatabasamu. Tabasamu hilo binti hulibeba maisha yake yote.

Ibtisam alinijia machozi yakimtoka. "Mama, anataka kuzituma leo."

Nikachukua ufagio, nikagonga dari. Juu yangu anakaa Madamu Insaf. Alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya madalali wa hisa, sasa amestaafu. Alishuka na ndara zake, tukaingia dukani sote.

"Shukri," akasema, "huyo Kapteni amewahi kupata hasara?"

Shukri alikuwa na maji mdomoni. Akayameza. "Kamwe, Madamu. Hata siku moja."

"Mimi nimepata mpaka nimezoea. Aliyekaa kwenye soko la hisa lazima limemuuma. Anayesema halijamuuma, ama hajanunua, ama ana kitu anakuuzia."

"Lakini ni mwalimu."

"Mwalimu hukufundisha. Huyu anakwambia ulale. Haya, muulize sasa hivi, mimi nipo. Ana kibali cha mamlaka ya soko? Namba yake ngapi? Alipata hasara lini, na ilimfunza nini? Na kama anajua kuzifanya pesa mara mbili, mbona hafanyi zake akanyamaza?"

Shukri akaandika kwa kidole gumba. Tukangoja. Mvuke ulijaa dukani, mashuka yakaning'inia kama watu waliosinzia wakiwa wamesimama. Simu ikalia.

"Amesemaje?" akauliza Ibtisam.

"Amesema wenye shaka hawatajiriki." Shukri akaitazama tena simu, kama mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi. "Na amenitoa kwenye kundi."

"Mshukuru," akasema Madamu Insaf. "Wengine huwatoa wakishatuma."

"Basi nifundishe wewe, Madamu."

"Nina masharti. Sitakwambia ununue nini. Pesa yako itakaa kwa dalali mwenye kibali, kwa jina lako. Namba yako ya siri humpi mtu, hata mimi. Pesa ya friji ni ya friji. Kwanza utanunua kwenye karatasi tu, bila pesa, mpaka nione unafikiri. Na kila ukinunua, utanipa sababu."

"Na malipo yako?"

"Unipigie pasi mashuka yangu. Maji uyanyunyize kwa chupa, tafadhali, si kwa mdomo."

Basi kila Ijumaa walikaa kwenye roshani yangu na chai ya nanaa. Alimfundisha kusoma ripoti: kampuni inauza nini, inadaiwa na nani, faida yake imetoka kwenye kazi au kwenye kuuza kiwanja. Sauti zao zilinibembeleza mpaka nikasinzia. Nilipozinduka, Shukri alikuwa bado anasoma, midomo ikitembea.

Baada ya Idi, friji na jiko vilipita mtaani juu ya lori. Nilipiga vigelegele mpaka meno yangu ya bandia yakaomba ruhusa. Wakwe hawakuwa na la kutabasamia.

Ndipo Madamu Insaf akamruhusu Shukri kununua kidogo, kwa pesa ambayo hata ikipotea watoto watakula.

Ijumaa iliyofuata alipanda roshani amechana nywele. "Madamu, nimenunua hisa chache za kiwanda cha sabuni."

"Sababu?"

"Nimesoma ripoti yao mpya ya mwaka. Yote. Faida imepanda, madeni yamepungua."

"Umeisoma lini?"

"Jana mchana, baada ya maharage. Mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha nikairudia."

Madamu Insaf akakoroga chai yake taratibu.

"Hiyo ripoti, Shukri," akasema, "wanaitoa Jumapili ijayo."