Mama Mbele ya Pazia la Ndege

Mwizi aliingia kwa Bibi Kunegunda, Mjimwema, watu wakiwa misa ya pili. Akaiacha televisheni, akaiba picha moja. Fremu ya ukutani ilikuwa na picha kumi na nne chini ya kioo kimoja. Sasa zimebaki kumi na tatu. Kioo kilikuwa kimetolewa bila ufa, na misumari imepangwa mezani.

Inspekta Noela hakukalia kiti alichopewa. Wizi usio na maana ulimkosesha raha kuliko ujambazi.

"Nani yuko kwenye hiyo picha, bibi?"

"Mwanamke na mtoto. Marehemu mume wangu, Beda, alisema ni dada yake."

"Ulimfahamu?"

"Sikuwahi kumwona, mwanangu."

Nakala ilikuwepo kwenye simu ya bibi. Mtoto alikuwa na kovu mkononi, na nyuma ya mwanamke lilionekana pazia lililochorwa ndege. Noela akapanda bodaboda hadi Mfaranyaki kwa Mzee Daimu, mpiga picha wa studio wa zamani.

"Shikamoo, mzee. Pazia hili ni lako?"

"Marahaba. Langu. Mbona wewe ni wa pili? Ijumaa kaja mtu na picha hiyohiyo kwenye simu, anauliza mama huyu ni nani."

"Ukamjibuje?"

"Sura nimeisahau, wallahi. Nikamwambia kila picha yangu niliandika jina nyuma, kwa penseli."

"Mtu gani huyo?"

"Otto, seremala."

Noela alijikasirikia. Misumari ile ilikuwa imemwambia tangu asubuhi.

Otto hakukimbia. Picha ilikuwa kwenye meza yake ya kazi, imelala kifudifudi.

"Umeichukua wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini hukuomba?"

"Niliomba, siku namtengenezea dari. Akaniruhusu niipige kwa simu tu. Akasema picha za marehemu hazitoki ukutani." Akakunja mkono wa shati. Kovu la moto lilishuka toka kwenye kiwiko, sawasawa na la mtoto wa pichani. "Nimelelewa misheni, afande. Mama alifariki kabla sijajua kumwita. Nina miaka hamsini na mbili. Nilitaka jina lake tu."

"Umelipata?"

Otto akamsogezea picha. Noela akainama kusoma. Penseli ilikuwa imefifia: *Beda, baba mtoto.*

"Mzee Daimu alikuwa anaandika jina la aliyelipa," Otto alisema. "Mama hakuandikwa."

Noela alizishika pingu, akaziachia.

"Jeneza la Beda nilitengeneza mimi, mwaka jana. Nilimpima mwenyewe, kichwa mpaka miguu." Akaipangusa picha vumbi la mbao. "Sikumlilia, afande. Nilijua ni jirani tu."