Mashine ya Tatu

Jirani yetu, muuza mkaa, anadai kuna mama mjamzito alikwenda uwanja wa ndege, akajilaza kwenye mkanda wa mashine ya kukagulia mizigo. Alitaka kuona mtoto amelalaje tumboni.

"Akaingia kama begi," jirani alisema. "Mtoto akizaliwa na zipu, baba asiulizwe."

Wanawake bombani wakacheka. Mimi sikucheka. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Mkunga alinipapasa akasema, "Naona kama mtoto kakaa upande. Ungepimwa kwa mashine tungejua." Mashine ya zahanati ni moja tu, nayo ilikufa zamani.

Dada yangu ni mkaguzi huko uwanjani. Wao mashine wanazo tatu. Nilimwonea wivu hata glavu zake. Mkunga wetu, glavu tunamletea wenyewe.

Jioni dada alikuja kunijulia hali. Nikamwuliza, "Na mimi hamwezi kunipitisha?"

"Thubutu. Ile inatoa mionzi. Ni ya mabegi, si ya watu. Ya hospitali inatumia sauti, haina mionzi. Kesho nitakupeleka hospitali kubwa."

"Ninyi serikali inawapenda. Sisi watoto wa kambo."

"Kijicho hicho, mdogo wangu. Shemeji si anapakia maua kwenye ndege? Bomu moja likipita, watu watakufa. Na ndege nyingine hazitatua hapa. Maua yataoza, shemeji atashinda nyumbani mkikodoleana macho."

 Neno lilikuwa la kweli, lakini roho haikutulia.

"Zote tatu zinafanya kazi?"

Dada akatazama chini. "Mbili. Ya tatu imefunikwa turubai. Abiria wenyewe hawajawa wengi hivyo."

"Basi ya kwanza sina wivu nayo. Ya pili pia. Ninayoionea wivu ni hiyo ya turubai."

"Hapo sasa umesema. Lakini usiniambie mimi. Kasemee kwenye mkutano wa bajeti, ule wa wananchi wote. Hata sabuni ukinunua, unalipa kodi."

Hospitalini walinipima. Kweli, mtoto alikuwa amekaa upande. Daktari akanipangia kujifungulia palepale, penye chumba cha upasuaji. Nilishukuru. Ila kwenye foleni niliwaona wenzangu wengi waliotoka mbali, na si kila mmoja ana dada wa kumleta.

Siku ya mkutano, ofisa alisoma kwamba uwanja utanunuliwa mashine ya nne. Nikainuka, mkono kiunoni.

"Ulinzi siupingi," nilisema. "Mume wangu anakula kwa ndege hizo. Lakini pesa ikishanunua hiki, hainunui kile. Mashine ya kwanza ilizuia hatari kubwa. Ya nne itazuia ipi, wakati ya tatu bado imevaa turubai? Naomba kwanza mtutengenezee ya zahanati."

Ukumbi mzima ukamgeukia ofisa. Akafunua karatasi moja, akafunua nyingine. Kisha akanywa maji.